Nilipigwa kwa kutoelewa jicho la shangazi, sasa kamgeukia mjukuu wangu

Wakuu, salamu kutoka hapa Tunduma. Shule yangu iliishia la nne kwa hiyo uandishi mtanivumilia, ila chumvi sijaongeza.

Nimekulia Ibaba, kule milimani Ileje. Raha yangu ilikuwa kupukuchua maharage na bibi. Tunakaa ubavu kwa ubavu, wote macho kwenye ungo, tunapiga stori mpaka ukungu unashuka. Hakuwahi kuniambia nimtazame. Mpaka leo nikisikia harufu ya maganda makavu ya maharage nalegea kabisa.

Maana macho ya watu yalikuwa yananiuma. Mtu akinikazia macho najisikia kama nimeinamia moshi wa kuni mbichi. Nikiangalia mikono yako nakusikia vizuri. Nikiangalia macho, maneno yote yanapotea.

Na hakuna aliyeshtuka. Kwetu mtoto hamkazii mkubwa macho, basi wazee wakanisifia eti nina adabu.

Balaa lilikuwa lile jicho. Wengi tumelelewa nalo. Mgeni akija mama anakupa jicho tu, unajua hapa natakiwa kutoka, hapa nikatae chakula. Wenzangu wanaelewa. Kwangu mimi jicho lilikuwa jicho tu, halisemi kitu.

Siku moja wakaja washenga kumposa dada yangu. Msemaji wetu alikuwa shangazi Sekela, namtaja bila woga. Mshenga akaniuliza kwa utani kama dada anajua kupika. Nikasema hapana, ugali wake una mabuje, huu mnaokula kapika shangazi.

Kumbe muda wote shangazi alikuwa ananipa jicho nitoke.

Watu walicheka, na dada aliolewa vizuri tu. Ila shangazi akaona nimemuaibisha makusudi. Wageni walipoondoka akanishika kidevu. "Nitazame nikiongea na wewe." Macho yakateleza, kofi. Yakateleza tena, kofi. Yule yule aliyekuwa anasifia adabu yangu.

Ikawa kila siku. Akamfuata mwalimu wangu, Ambokile, akamwambia nina kiburi, naye akaanza hivyo hivyo mbele ya darasa. Mwisho shangazi akamshauri baba aniachishe shule, nikashike jembe. Bibi alibisha, hakusikilizwa.

Sasa nakaa na mjukuu wangu Neema, ana miaka sita. Kliniki wamesema ana usonji. Nesi alivyokuwa anamweleza mama yake habari za watoto wanaokwepa macho ya watu, nililia pale pale kwenye benchi. Mimi hakuna aliyewahi kunipima, lakini alikuwa ananielezea mimi.

Mwezi uliopita shangazi kaja kututembelea, mzee, ana fimbo. Akamsalimia Neema, mtoto anaangalia vifungo vya sweta yake. Nikaona mkono unaenda kwenye kidevu.

Nikautoa.

"Shangazi, huyu hapana."

"Unaongea na mimi au na ukuta?"

"Na wewe. Nikiangalia ukuta ndio nasema vizuri. Na huyu anakusikia, muulize kitu."

Akauliza kwa kejeli, haya, mimi ni nani?

"Bibi wa fimbo," Neema akasema, macho hayajatoka kwenye sweta. "Kifungo chako kimoja sio cha sweta hii."

Shangazi akajiangalia. Kweli. Hakucheka, msamaha hakuomba, asubuhi yake akapanda gari akarudi Ileje. Ila kidevu cha mtoto hakukigusa.

Sijamsamehe, nisiwadanganye.

Wazazi, mtoto asiyeelewa jicho mwambieni kwa mdomo. Toka nje, wageni wanaongea. Maneno manne tu. Ningeambiwa hayo pengine ningemaliza shule.

Neema anaanza la kwanza mwakani. Nitampeleka mwenyewe, niongee na mwalimu, hata kama nitaongea huku naangalia viatu vyake.

Mwenye mtoto wa hivi aliyeko shuleni, mwalimu ulimwelezaje mpaka akakuelewa? Niandikieni hapa. Nasoma polepole lakini nasoma zote.