Nusu Saa ya Sauti kwa Kisalaba cha Shaba

Jambo hili limenila mbuzi watano, baiskeli mpya, suti ya mtu nisiyempenda, na nusu saa ya sauti yangu kila siku ya yenga, yaani Jumapili. Nimehesabu mara mbili. Mbuzi nitawasahau. Ninachokililia ni ile nusu saa, pamoja na ndoa ya Ilunga, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambayo mpaka leo inaning'inia.

Utasema mzee huyu amezeeka. Nimezeeka, ndiyo. Lakini sikulewa, na haikuwa usiku. Jua la Kamina la saa kumi lilikuwa linanichoma shingo kupitia dirishani.

Nilipoacha kazi ya ukarani kwenye gare, stesheni ya treni, nilijitolea katika redio yetu ya jamii. Hawanilipi. Kila siku ya yenga, saa kumi mpaka saa kumi na moja, ninapiga rumba za ujana wetu na kusoma salamu. Salamu huletwa kwenye karatasi pamoja na feza kidogo ya mafuta ya jenereta. Wapo wanaotoa nusu ya feza na kuomba majina ishirini. Tunavutana bei mpaka mmoja wetu anacheka. Hiyo ndiyo raha yangu, nyingine sina.

Siku hiyo wimbo ulikuwa unacheza, akaingia mzee mmoja mwembamba. Viatu vyake vilikuwa vinachuruzika maji. Ilikuwa kiangazi, miezi miwili bila tone. Maji hayo aliyakanyaga wapi?

"Eyo, vidye," nikamsalimu kwa heshima. "Karatasi iko wapi?"

"Hakuna karatasi. Majina iko mu kichwa. Unipe sauti yako saa moja kila yenga, minyi nisalimie bantu betu ba Sanga."

"Utaje, minyi nitasoma."

"Hapana kusoma. Unipe sauti yenyewe."

Nikafikiri uzee umemwingia kichwani. Na mteja wa namna hiyo, niamini, hulipa vizuri.

"Saa moja ni mingi, tata. Nusu."

"Nusu. Njo ile."

Hapo ndipo nilipopaswa kukimbia. Nani, katika soko lote la Kamina, anakubali bei ya kwanza?

Akaweka mezani kisalaba cha shaba, kidogo kama kidole gumba, mkono wake mmoja umevunjika. Huku kwetu kila mtu anavijua: vinatoka Sanga, kando ya ziwa, kwenye makaburi ya watu wa kwanza. Vilikuwa feza yao, wakazikwa navyo. Na kila mtu anajua kwamba kitu cha kaburi hakiuzwi. Mimi kesho yake nilikiuza sokoni kwa mchuuzi mpita njia, mara mbili ya bei aliyoanzia. Nililala nikijisifu.

Nilipoinua macho, mzee hakuwepo. Sakafuni kulibaki nyayo za maji, za kuingia tu. Nilizihesabu mara mbili. Za kutoka hazikuwepo.

Yenga iliyofuata, saa kumi kamili, nikafungua kinywa niwasalimie wasikilizaji. Hakuna kitu, hata kukohoa. Lakini kwenye spika sauti yangu ilikuwa inasalimia, taratibu, majina ya Kiluba ambayo hata bibi yangu asingeyakumbuka. Saa kumi na nusu ikanirudia kooni, kama jirani anayerudisha jembe la kuazima. Na barabarani watu waliniambia nini?

"Muzee, ile nusu ya kwanza ilikuwa ya muzuri sana. Ile ingine, bof."

Hilo ningelimeza. Lakini familia ya mchumba wa Ilunga, watu wa askari kule Base, kambi ya jeshi, walituita kwa mahari siku ya yenga, saa kumi. Mimi ndiye msemaji wa ukoo, na msemaji akikaa, mwingine wetu hafungui kinywa. Niliomba saa sita. Noko, yaani mjomba wa binti, akajibu kwamba saa sita yeye anakula.

Tukakaa. Noko akakunjua karatasi yake.

"Mbuzi tano. Baiskeli ya mupya. Na suti ya minyi, noko."

Bei ya kwanza ni salamu tu. Unajibu kwa nusu, mnagombana, mnakunywa. Nikafungua kinywa. Hakuna kitu.

Ilunga akanigusa kiwiko. "Baba mukubwa, jibu! Jibu basi!"

Dirishani kulikuwa na redio yao, imefunguliwa kwenye kituo chetu, na sauti yangu ndani yake inataja wafu. Kisha ikasema: "Na kwa noko, kule Base: tunakubali. Yote. Bila kupunguza."

Mama wa binti akaangusha sinia. Noko akatazama redio, akanitazama mimi.

"Muzee, weye iko hapa ao iko kule?"

Mbuzi waliwapokea, baiskeli pia, na suti noko ameshaivaa. Binti hawamtoi. "Kwanza tujue huyu muzee iko na binywa bingapi," wanasema. "Na tena, muntu mwenye anakubali yote vile, mutoto wake anaficha ugonjwa gani?" Wametuita tena tujieleze. Siku ya yenga, saa kumi. Ilunga hanisemeshi, ananitazama midomo tu.

Padri ameniambia nikirudishe kile kitu kilikotoka. Vizuri. Nirudishe nini, mikono mitupu?

Kwa hiyo nakuonya: anayekubali bei yako ya kwanza, mtazame viatu. Na wewe mchuuzi uliyenunua kisalaba chenye mkono uliovunjika, nakuomba unirudishie. Taja bei yako. Ya kwanza utakayosema, nakubali. Ila usije siku ya yenga saa kumi: ukinikuta kimya, utadhani bado ninaomba upunguze.