Kanda Kumi na Mbili kwa Maandishi

Miaka ile ya tisini, serikali ilipokuwa inapunguza wafanyakazi, nilikuwa mwalimu wa kozi ya masafa kwa watumishi wa zahanati. Masomo yalikuwa kwenye kanda kumi na mbili za kaseti. Tulizituma kutoka ofisi yetu ya Mkuyuni, kwa basi au kwa meli, na mwanafunzi alisikiliza kwake baada ya kazi. Aliyefaulu mtihani wa mwisho alibaki kazini. Asiyefaulu, jina lake liliingia kwenye orodha ya wanaopunguzwa.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa msaidizi wa maabara upande wa Usagara. Alikuwa hasikii kabisa tangu alipougua uti wa mgongo akiwa darasa la tano. Kwenye hadubini, sikumjua aliyemshinda kuona vimelea vya malaria. Tukampelekea kaseti kama wenzake. Alizirudisha mwenyewe, akazipanga mezani kwangu, akafungua daftari alilotumia kuzungumza na watu, akaandika: "Shikamoo mwalimu. Hizi nizile na ugali?"

Nilimwandikia marahaba, na chini yake ahadi kwamba masomo yote yatamfikia kwa maandishi.

Nikasikiliza kanda zote na kuandika muhtasari, ukurasa mmoja kwa kila kanda. Nilidhani namrahisishia. Kwenye jaribio la kwanza akafeli, na ulikuwa umebaki mwezi mmoja na nusu kabla ya mtihani.

Tulikaa kupitia makosa yake. Swali moja liliuliza: mama akisema mtoto wake anayeharisha amechoka tu, utamuuliza nini? Jibu lilikuwa kwenye kanda ya nne. Pale mganga anaongea na mama, mama anasema mtoto kachoshwa na safari, wanafunzi waliokuwapo wanacheka, halafu mganga anauliza taratibu: "Tangu asubuhi amekojoa?" Mtoto alikuwa amekaukiwa maji. Mimi niliona ni maongezi tu, nikayaruka.

Nilipomweleza hayo kwa kalamu, alisoma mara mbili.

"Kumbe kulikuwa na mama humo?" akaandika. "Wengine walicheka, mimi nikapewa orodha ya dawa."

"Nilikuondolea yasiyo ya lazima, dada."

"Mwalimu, wewe umesikia yote ndipo ukachagua. Niletee yote, nitachagua mwenyewe."

Nikaanza upya. Nilisikiliza sentensi moja, nikasimamisha redio, nikapiga taipu, nikarudisha kanda kuhakikisha. Mgonjwa aliyekohoa niliandika kwamba anakohoa, na kama ni kikohozi kikavu au cha makohozi. Mganga aliponyamaza niliandika kwamba amenyamaza. Kanda moja ilinichukua siku mbili. Mkuu wangu alipita, akaziangalia karatasi.

"Rimu nzima kwa mtu mmoja?"

"Ndiyo, mzee. Kozi nzima kwa mtu mmoja, kama wengine."

Akaguna, akaondoka. Kesho yake nilikuta rimu nyingine mezani.

Karatasi zilikwenda Usagara kwa basi kila nilipomaliza kanda. Zilirudi na maswali pembeni kwa kalamu nyekundu: huyu anasema kwa hasira au kwa woga? Ndipo nikajua kwamba sauti nayo ni somo, nikaanza kuiandika pia.

Siku ya mtihani nilikuwa miongoni mwa wasimamizi. Mtahini wa mazungumzo, mgeni kwetu, alimuuliza mwanafunzi wangu swali kwa mdomo huku akipekua faili. Nikainuka kumsaidia, lakini dada mwenyewe akaninyooshea kiganja nikae. Akasukuma daftari mbele ya mtahini, akagonga ukurasa mtupu kwa kidole. Mtahini akanitazama, akamtazama yeye, kisha akachukua kalamu na kuandika swali lake. Likafuata la pili, na la tatu. Walijaza kurasa nne.

Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, na jina lake halikwenda kwenye orodha. Nilimpelekea barua mwenyewe. Alikuwa kwenye hadubini, watu wamejaa kwenye benchi wakisubiri majibu ya damu. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti jeupe, akaandika: "Asante mwalimu. Kaa kidogo, nimalizie hawa."