Magari Mia Moja

Watu wengi hudhani kwamba mwendo wa magari barabarani hupangwa na mkubwa fulani aliyeketi na ramani na kalamu nyekundu. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipoajiriwa, miaka ya elfu mbili ikiwa bado michanga, katika ofisi moja ya barabara katikati ya jiji, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Huko ndiko nilikofundishwa kwamba wanaoupanga ni madereva wenyewe. Unachora mistari miwili myeupe kwenye lami, mita mia moja kati yake, kisha unakaa kando na saa ya kuhesabu sekunde. Gari likikanyaga mstari wa kwanza unabonyeza, likikanyaga wa pili unabonyeza tena. Sekunde saba na kidogo ni kilomita hamsini kwa saa. Nne na nusu ni themanini. Ukishapima magari mia moja unayapanga, la polepole likiwa mwanzo na la mbio mwisho, unahesabu mpaka la themanini na tano, na mwendo wa gari hilo ndio ofisi inaouamini. Kibao cha mwendo na matuta huwekwa kwa hesabu hiyo, au haviwekwi kabisa.

Kwenye fomu hakukuwa na mahali pa kuandika mtu anayevuka kwa miguu. Niliuliza siku ya kwanza nikachekwa, na sikuuliza tena.

Nilipanga chumba Ngara, karibu na ofisi, lakini kwetu ni Waithaka, pembezoni mwa jiji, upande ule ambao siku hizo ulikuwa bado mahindi na ng'ombe. Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Kila asubuhi alivuka barabara na mtungi wa maziwa kuupeleka kwenye kibanda cha chai ng'ambo, na kila asubuhi malori ya mawe yalipita hapo yakikimbilia mjini. Zamani palikuwa na kibao cha hamsini. Watu wa vyuma chakavu walikikata usiku mmoja, na sina shaka kiligeuzwa majiko. Baada ya hapo mgeni hakuwa na njia ya kujua kwamba ameingia kwa watu. Aliona lami iliyonyooka tu, akaongeza mafuta.

Mama na kina mama wenzake wa kanisani waliandika barua ya kuomba kibao na matuta. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba. Mama alinikabidhi bahasha mbele yao wote.

"Huyu yuko huko ndani," aliwaambia. "Mambo yetu yataenda."

Kesho yake niliiweka kwenye meza ya mkubwa wangu. Akaisoma, akasema, "Si ni kwenu? Basi enda upime wewe mwenyewe."

Gari la ofisi liliniteremsha saa tatu asubuhi, nimevaa jaketi ya kung'aa iliyoonekana kutoka mbali, nikachora mistari yangu miwili. Magari ya kwanza yalipita kama kawaida yao: sekunde nne, nne na nusu, tano. Nilikuwa nikibonyeza kwa hasira, maana niliwaza mtungi wa mama. Halafu lori moja liliponipita, niliona dereva wake akiwapigia taa wanaokuja. Wenzake nao wakawapigia wengine. Kwetu dereva akiona mtu mwenye jaketi na kifaa mkononi kando ya barabara, hasubiri kuuliza ni askari au ni karani. Anamwonya mwenzake, na huo ndio undugu wao. Nusu saa haikuisha kabla barabara nzima haijawa na adabu. Sekunde saba. Nane. Mmoja alipita kwa tisa akanipungia mkono.

Mama alikuja na chupa ya chai, akasimama kando yangu akitazama.

"Leo wanaenda vizuri," alisema.

"Leo tu," nikamjibu, na nikaendelea kuandika.

Nilijua. Sitaki kujificha nyuma ya ujana wala ugeni wa kazi, nilijua kabisa. Nilipaswa kuvua ile jaketi, kufuta karatasi yote, kuingia kwenye mahindi nikajibanza humo na kuanza upya. Lakini jua lilikuwa kali na gari la ofisi lingenifuata saa saba. Na kuna jingine, ambalo ndilo linaloniuma zaidi: niliona aibu kujibanza kwenye mahindi pale nyumbani, ambako nilijulikana kama msichana anayefanya kazi ya ofisi. Nikajaza magari yangu mia moja, nikatia sahihi.

Mkubwa wangu alipitisha kidole kwenye karatasi mpaka gari la themanini na tano, akatabasamu. "Watu wa kwenu wana nidhamu kuliko mimi," alisema. Barua ya majibu ilikuwa fupi: mwendo wa magari mahali pale unafaa, hakuna haja ya kibao wala matuta. Nilimpelekea mama nikamwambia, "Ofisi imekataa." Maneno mawili, yote ya kweli. Alikunja barua akaiweka ndani ya Biblia yake.

Miezi minne baadaye pikapu ilimgonga akivuka asubuhi. Nyonga ilivunjika. Daktari alituambia ataishi, lakini kutembea tusubiri tuone.

Nilienda kituo cha polisi nikiwa nimejiandaa kumchukia yule dereva. Nikamkuta mtu mzima wa makamo, shati limelowa jasho, anazungumza polepole.

"Afande, niliingia hapo na themanini, sikatai," alisema. "Lakini kibao iko wapi? Hakuna mahali imeandikwa hamsini. Mimi si wa huko. Ningejuaje kuna watu?"

Askari aliendelea kuandika. Jibu nilikuwa nalo mimi. Yule mtu aligeuka akaniomba msamaha kwa mikono miwili, akaniita dada. Nilitamani ardhi ipasuke.

Niliomba ruhusa ya siku tatu. Nilikwenda kukaa ndani ya kibanda cha mama mboga kando ya ile mistari yangu, nimejifunga leso, nimejificha nyuma ya magunia ya viazi, na saa nimeificha mapajani. Hakuna aliyempigia mwenzake taa. Sekunde nne. Tatu na nusu. Nne. Nilipofika gari la mia nilikuwa nalia na mama mboga ananiuliza kama nimefiwa.

Mkubwa wangu aliziweka fomu mbili pamoja juu ya meza. "Hii ni barabara moja?"

"Ni moja."

"Sasa nifuate gani?"

"Hii mpya. Ile ya kwanza walipigiana taa. Niliona, na nikaandika hivyo hivyo."

Aliisukuma kando ile ya kwanza. Nilisubiri barua ya kufukuzwa, na kusema kweli nilikuwa naitaka. Akasema matuta na kibao vitawekwa, na nisirudie. Kisha akaniuliza kama chai imeshaletwa.

Mama aliporudi nyumbani kutoka hospitalini, nilimweleza. Alikuwa kitandani, miguu imefunikwa blanketi. Nilimwambia yote, jaketi, taa, mahindi ambayo niliona haya kuingia. Alisikiliza akiutazama ukuta. Nilipomaliza alilivuta blanketi mpaka kifuani.

"Umeambia nani mwingine?" akauliza.

"Mkubwa wangu tu."

"Basi iishie hapo," alisema. "Wale kina mama wasijue."

Nikafikiri ni hasira, kwamba hataki aibu yangu imfikie. Sikumwelewa mpaka Jumapili aliporudi kanisani kwa mara ya kwanza, na magongo mawili. Mchungaji aliwaalika wenye ushuhuda. Mama aliinuka. Ilimchukua muda, na mtu alipotaka kumsaidia alikataa. Aliwashukuru waliomwombea na waliomkamulia ng'ombe. Halafu akanielekezea gongo moja.

"Na huyu mtoto wangu," alisema, sauti haikutikisika hata kidogo, "msisikie mtu akisema alitusahau. Alipima vizuri tangu siku ya kwanza. Ni wakubwa ndio walikataa. Yeye aliendelea kuwasumbua mpaka wakakubali."

Mama yangu, aliyenichapa nikiwa darasa la tatu kwa sababu ya uongo wa penseli moja, alisimama kwa mguu mmoja mbele ya madhabahu akadanganya. Kina mama walipiga makofi. Wale wa vidole gumba waligeuka kunitazama, wakitabasamu, wakisubiri nisimame.

Nikasimama.