Plasta Juu ya Leseni

Juzi, nikingoja zamu yangu katika zahanati moja ya Kawangware, Nairobi, nilimwona fundi cherehani wa Soko la Toi akiurudisha nyuma mkono wake uliokakamaa. Mtaalamu wa tiba ya kazi, anayesaidia wagonjwa kurudia shughuli zao, alikuwa ameshika sindano kavu, isiyo na dawa, ya kulegeza misuli.

"Daktari, una ruhusa ya kudunga hizi?"

"Leseni iko ukutani, mama."

Ilikuwapo, lakini jina limefunikwa kwa plasta.

"Mbona umejificha?"

"Tangu kura, wengine wakilisoma huondoka. Mmoja alinitemea mate."

Mama akabandua plasta kwa mkono mzima, akasoma. Halikuwa jina la kabila lake. Akamgeukia.

"Na langu umelisoma kwenye kadi yangu ya matibabu?"

"Nimelisoma."

"Basi tunaogopana sote. Dunga, nirudi kushona."

Serikali inataka jina kwenye leseni lisomeke. Sikudhani kutii hilo kungehitaji ujasiri.