Nzi wangu kumi na wanane kwenye vifua vya kwaya

Leo nimeingia kanisani kwenye harusi nikakuta kazi yangu ya miaka ishirini na miwili imeshonwa kwenye vifua vya kwaya.

Mnaonijua mnajua kwamba natengeneza nzi wa kuvulia. Nafunga manyoya ya kuku na uzi juu ya ndoano mpaka samaki adhani ni mdudu. Kila mmoja ana kikaratasi chake chenye tarehe, na wote nawaweka kwenye mkebe nyumbani.

Wa kwanza nilimfunga nikiwa sekondari, kwa manyoya ya jogoo wa marehemu mama.

Basi, harusini, kwaya inasimama. Naona nzi. Naona mwingine. Yule wa jogoo wa mama yuko kwenye kitenge cha shemeji yangu, mdogo wa mke wangu.

Nikamngoja nje.

"Shemeji, usikasirike. Yaya, mke wako, ndiye alinifungulia mukebe. Inapendeza, hapana?"

"Ndoano ziko wapi?"

"Tulikata na pensi ya kukatia waya. Zilikuwa zinachoma."

Zote kumi na nane. Nzi asiye na ndoano ni takataka ya kuku.

"Weye hata mutoni hauendi," akaongeza. "Siye angalau tumezitembeza."

Kiongozi wa kwaya akanishika mkono akicheka.

"Papa, utufanyie ingine trente, thelathini, ya Pasaka. Lakini ile chuma usitie."

Mke wangu, aliyekuwa ametufikia, akamjibu, "Atafanya."

Niambieni, nianze kumkasirikia nani?