Tuta la Baba Nyuma ya Mawe

Jua lilipoanza kushuka upande wa ziwa, uani kwetu Igogo kulikuwa na harufu mbili zilizogombana. Moja ilikuwa ya dagaa walioanikwa na majirani, nyingine ilikuwa ya maua ya mama. Mchana kutwa maua yale hayakunukia chochote. Yalining'inia tu vichwa chini, marefu kuliko kiganja cha baba, meupe yenye umanjano kidogo. Lakini joto likipungua, harufu yake tamu ilipita dirishani ikaingia mpaka kwenye sufuria. Sisi tuliyaita tarumbeta kwa ajili ya umbo lake. Kama yana jina jingine, hakuna aliyetuambia. Mama, Mhaya wa Muleba, alikuja na kijiti chake Mwanza alipoolewa, amekifunga kwenye jani la mgomba, amekikata uani kwa mama yake. Baadaye bibi alifariki, kiwanja kikauzwa, na aliyenunua akafyeka kila kitu. Kwa hiyo mti ule wa Igogo ndio uliokuwa umebaki wa kwao mama. Sote tulilijua hilo, hata baba, ambaye hakuchoka kumtania kwamba Wahaya ndio watu pekee wanaopalilia kitu kisicholiwa.

Na kweli hakiliwi. Mama alitukataza kuyatia mdomoni maua yale au kufikicha macho baada ya kuyashika, kwa kuwa mti wote una sumu, na mbuzi wa mtaani walikuwa na akili ya kuupita mbali. Mwaka niliokuwa na miaka tisa, mama alikwenda Nansio, ng'ambo ya ziwa, kumuuguza dada yake, akakaa huko karibu miezi miwili. Mti aliniachia mimi. Kazi zangu zilikuwa mbili: kuumwagia maji ya kusuuzia vyombo asubuhi na jioni, maana una kiu isiyoisha, na kuokota kila ua lililoanguka kabla watoto hawajaliona. Ya kwanza niliifanya bila kukosa. Ya pili niliisahau siku moja tu, na siku hiyohiyo Doto, mdogo kati ya mapacha wa jirani yetu Mama Kulwa, akatambaa mpaka chini ya mti, akaokota ua, akalielekeza mdomoni. Mama yake alimuwahi. Doto hakupata hata mafua, lakini uwanja mzima ulisikia kelele, na mwenye nyumba akaamua kwamba mti ule usionekane tena uani ikifika Jumamosi.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini, ila alikulia Magu kwenye pamba na mihogo, na alilipokea jambo lile kwa utulivu ulioniudhi.

"Mama yako asiambiwe," alisema. "Akirudi ataukuta mahali pengine."

"Kwani baba unajua kuupanda?"

"Mimi ni mtoto wa Magu. Kuna kijiti gani cha kunishinda?"

Jumamosi aliuangusha kwa panga. Akachagua mashina ya chini, yale manene ya kahawia, akayakata kwa urefu wa mbegu za muhogo, vile vipande vya shina vinavyopandwa, akayalaza kivulini siku mbili kama mbegu za muhogo, na matawi yote ya juu yenye majani mabichi na maua akayatupa jalalani. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kipande cha udongo katikati ya yale mawe makubwa ambako watoto hawakufika, akapiga tuta zuri la Kisukuma na kuchomeka vijiti kumi na kimoja, vyote vimelala upande. Mimi nilikwenda jalalani nikaokota tawi moja lenye maua mawili. Nilitaka tu niendelee kuinusa ile harufu, basi. Nikalitia kwenye kopo la rangi lenye maji na kulificha nyuma ya pipa.

Mawe ya Igogo yakipigwa jua yanakuwa jiko. Baada ya wiki mbili vijiti vya baba vilianza kusinyaa. Kila asubuhi kabla ya kazi alipanda mawe yale na madumu mawili ya maji, akainama, akakwangua gome kwa ukucha kutafuta ukijani. Mama Kulwa akimwona alimwambia, "Baba Koku, leo pia unamwagilia kuni?" Baba alicheka, ila nilimjua, alikuwa na hofu. Asubuhi moja tulimkuta Mama Kulwa mwenyewe pale juu na mzigo wa majani makavu, anavifunika vijiti vilivyobaki. "Mti sikuuchukia mimi," alisema bila kututazama. "Niliogopa kwa ajili ya mtoto."

Mama alirudi na meli ya mchana. Alisalimia watu, akapatazama pale mti uliposimama, akaoga, akakaa kizingitini kusubiri jua lipoe, labda harufu ingetokea kwingine. Likapoa. Harufu ikawa ni ya dagaa peke yake. Akageuka kututazama mmoja mmoja.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Sikuokota ua, Doto akalichukua."

Baba alimshika mkono akampeleka nyuma ya mawe. Vijiti kumi vilikuwa vimekauka kabisa. Cha kumi na moja kilikuwa na jani moja. Mama alilitazama tuta, akavitazama vijiti vilivyolazwa upande.

"Baba Koku, umeupanda kama muhogo?"

"Sasa niupande kama nini?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini, na hapo chini kicheko kikageuka kilio. Nilikimbia nikaleta kopo langu. Tawi lilikuwa limetoa mizizi myeupe imejaa majini. Akiwa bado anajifuta macho akatueleza kwamba kwao hukata juu, pale shina linapokuwa limeshagawanyika kuwa matawi mawili, kwa sababu tawi la pale lina maua tayari. Shina la chini ni lazima likue kwanza, lirefuke, ligawanyike lenyewe, ndipo lifikirie kuchanua.

Langu lilichanua mwaka uleule, nikatamba. Kisha nikalimwagilia kwa mapenzi mpaka mizizi ikaoza. La baba lilipanda juu, majani matupu, akitaniwa na kila mtu, huku madumu yake yakiendelea kila asubuhi. Mwaka wa pili likagawanyika juu ya mawe, na jioni moja mama akainua kichwa kutoka kwenye sufuria, akanusa hewa. Baba alijifanya anakagua ukuta.

Leo nina nyumba yangu Buhongwa na miti saba ya tarumbeta, yote imetoka kwenye kijiti kile cha kumi na moja. Nimeizungushia uzio, na mgeni mwenye mtoto namwonya kabla hajakaa. Watu hupiga picha, huomba tawi, na wote wanataka la juu, lenye maua ya mwezi ujao. Ninapoipogoa natupa matawi bila kufikiri, mimi niliyelilia moja jalalani, na wakati mwingine jambo hilo linanitia aibu. Wazazi wangu wamerudi Magu. Mwezi uliopita ng'ombe waliuangusha mti ambao mama aliupanda huko na kuukanyaga mpaka kwenye mizizi, naye baba, ambaye sasa anatembelea fimbo, akanipigia simu. Nikamwambia nimeshamchagulia matawi mazuri ya juu, yatachanua mapema.

"Hapana," alisema. "Niletee ya chini, yale manene. Tuta nimeshapiga."

Nyuma yake nikamsikia mama akicheka.