Beji Isiyo na Mgonjwa

Novemba ile Verna Pelkey alipogonga mlango wangu na futi ya chuma mkononi, sikumfungulia. Nilisogeza pazia, nikamwona, nikaliachia. Naye aliniona. Akaupima mlango kwa nje, upana wake na kimo chake, akaandika kitu kiganjani kwa kalamu, akaondoka zake.

Maisha yangu yote nimekula kwa kununua na kuuza matrekta yaliyochoka. Kwa niliyoyaona, anayekuja kupima bure ametumwa na atakayekuja kutoza. Huku kwetu East Corbin, milimani Vermont, kuna watu wa mji ambao kazi yao ni kukadiria nyumba yako ina thamani gani ili ulipe kodi. Ukiongeza kibaraza, wanapandisha kodi. Na mimi chini ya ngazi nina choo cha pili ambacho karatasi za kodi hazikijui. Kwa hiyo futi ya Verna sikuipenda.

Wala sikuwa peke yangu. Verna alikuwa akipita nyumba za wazee wote akisema anatoka ambulensi, anataka kuona kama machela itapita. Watu walimpa kahawa, wakamwonyesha sebule tu. Lucille Goss, aliyefanya kazi posta mpaka akastaafu, alisema Verna ndiye jicho la wakadiriaji. Lucille ana ile redio ya kunasa wito wa zimamoto na ambulensi, naye huisikiliza kutwa kama wengine wanavyosikiliza nyimbo za kanisani. Hakuna mtu huku anayevunjika mguu kabla Lucille hajajua ni upi.

Basi Verna ni nani? Ni mpishi wa shule. Baba yake alikuwa mkata magogo, na mume alikuwa naye, akamwachia gari bovu akaenda Florida kutafuta joto. Alijiunga na ambulensi yetu ya kujitolea akiwa tayari na mvi. Wito wake wa kwanza ulikuwa kwa mzee mmoja mnene aliyezidiwa ghorofani. Machela ilikwama kwenye kona ya ngazi, ikabidi wamtoe dirishani kwa kamba, na kijiji kizima kikasimama chini kikitoa ushauri. Mzee alipona, akahama kwa aibu. Tangu hapo Verna akiingia nyumbani kwa mtu haangalii makochi wala picha, anaangalia njia ya kutokea. Gari lake huliegesha pua ikitazama barabara, na kanisani hukaa kiti cha mwisho, viatu vya theluji vimefungwa kamba.

Mtu wa namna hiyo, asiyelipwa, anayejituma hivyo, mimi hunipa wasiwasi.

Januari ilipokuwa inakwisha ikafanyika karamu ya ambulensi, ile ya pai ya kuku katika ukumbi wa kanisa. Kila mwaka hutoa vyeti: aliyefuzu mafunzo, aliyetimiza miaka yake, aliyeosha magari. Mwaka huo mkuu wao alimwita Verna mbele, akambandika beji ndogo yenye moyo mwekundu. Akasema ni kwa kuokoa uhai wa mtu ambaye moyo wake ulikuwa umesimama.

"Mtu gani?" Lucille aliuliza, mdomo una pai.

"Siri ya mgonjwa haturuhusiwi kuisema," mkuu akajibu.

"Wapi, basi?"

"Hata hilo."

Lucille akaweka uma chini. "Redio yangu haijazimwa tangu sikukuu ya mavuno ya Novemba. Huo moyo haukusimama huku."

Makofi yakawa machache. Kila mtu alijua kilichokuwa mbele. Machi, katika mkutano mkuu wa mji, tungepiga kura: tuendelee kuilipia ambulensi yetu kwa kodi, au tuivunje tuikodishe kazi hiyo kwa kampuni ya bondeni, ambayo ni rahisi zaidi lakini wakati wa theluji huchukua karibu saa nzima kufika. Na sasa, wiki chache kabla ya kura, ghafla kuna mtu amefufuliwa ambaye hakuna aliyemwona akifa. Kesho yake dukani hakukuwa na habari nyingine. Beji imetengenezwa ili tutoe kodi, ndivyo ilivyosemwa, na mimi ni mmoja wa waliosema kwa sauti.

Nilimkuta Verna hapohapo dukani, ananunua mayai.

"Dada Verna, hiyo beji, mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ni mimi. Huioni kifuani?"

"Nauliza huyo uliyemfufua."

"Hata ningekufufua wewe, Harlan, mkeo asingejua kwangu."

"Mke wangu alishafariki."

"Najua, nilikuwepo. Basi siri yako ingekuwa salama zaidi."

"Niambie tu, mwanamume au mwanamke. Nakupa betri mpya ya gari."

"Betri yangu nzima."

"Nimelisikia likikohoa asubuhi."

"Basi nitakuja kununua kama wateja wengine."

Akachukua mayai yake akaenda. Nikabaki nahesabu. Muuzaji asiyeteremka hata kidogo ama ana mali ya kweli, ama hana mali kabisa, na mimi sikujua yeye ni yupi. Jambo lilinihusu. Nakaa ng'ambo ya daraja, nyumba ya mwisho mlimani, na umri wangu si wa kujisifu. Kodi inaniuma. Lakini saa nzima kwenye theluji, huku mtu kalala sakafuni, nayo nilikuwa naifikiria.

Februari Verna akatangaza tena darasa lake la bure, pale kituo cha ambulensi: namna ya kumkandamiza kifua mtu aliyesimama moyo. Nilikwenda kuchunguza. Nilikuta ukumbi umejaa, na nadhani nusu walikuja kuchunguza kama mimi na nusu wamefuata donati. Sakafuni kulikuwa na midoli ya mpira isiyo na miguu. Wenyewe huiita Shemeji.

"Nyosha mikono," Verna alituambia. "Harlan, huyo unampapasa. Mkandamize kama anadaiwa nawe."

Watu wakacheka. Nikakandamiza.

"Na nisikilizeni hapa," akaendelea. "Kwa mtu wa kweli mtasikia mbavu zinavunjika. Ko, ko. Mtataka kuacha. Msiache. Mbavu zitaunga zenyewe, moyo hautawaka wenyewe."

Ukumbi mzima ulikunja uso. Lucille alishika kifua chake mwenyewe. Mtu mmoja tu hakukunja kitu. Joyce Stiles, mke wa Wendell mwenye shamba la kando ya mto, aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia njia ya nyumbani kwake ikielekezwa kwa mgeni.

Wakati wa kahawa nilimsogelea. "Mama Stiles, na wewe umefuata donati?"

"Nimekuja kujikumbusha."

"Kwani ulishakuja?"

"Mwezi uliopita. Kwani wewe ndiye unauza tiketi mlangoni?"

Mtu hanunui spea mbili za trekta linalotembea vizuri. Nilirudi nyumbani nikifikiri juu ya Wendell. Baada ya mwaka mpya alikuwa Connecticut kwa binti yake, akarudi siku nyingi baadaye anatembea kwa kujishika ubavu, akasema aliteleza kwenye barafu. Na jambo jingine. Wendell Stiles ana maoni juu ya kila kitu, kuanzia mvua mpaka Papa wa Roma. Lakini kuhusu beji, mji mzima ukiwa unagombana, yeye hakusema neno.

Sasa, tangu kiangazi nilikuwa nabishana naye bei. Ng'ombe alishawauza, alikuwa anauza mashine: trekta la buluu, mashine ya kufunga robota za nyasi, ya kukata majani, zote. Alitaka bei ya juu, hateremki. Nikaelewa kwa nini mtu kama huyo angeficha moyo wake. Wanunuzi wakijua muuzaji ni mgonjwa, wanakaa wanasubiri. Hata mimi ningesubiri.

Nilikwenda kwake asubuhi. Joyce ndiye aliyekuwa akibeba kuni kuingiza ndani. Wendell alikuwa kando ya jiko, kakumbatia mto wa kochi. Alikohoa, akaubana kifuani.

"Umekuja kunilalia bei tena," akasema.

"Nimekuja kuuliza. Moyo ulikusimamia upande gani wa mto, huku kwetu au jimbo la jirani?"

"Niliteleza kwenye barafu."

"Siku hizi barafu ina mikono?"

Joyce akaweka kuni chini. Kisha Wendell akacheka kidogo, akaumia. "Kwa hiyo sasa unataka nusu bei."

"Nataka kulipa uliyosema. Yote, na mashine zote, leo."

"Joyce, njoo usikie. Harlan Dufresne anataka kulipa niliyosema. Nani kafa?"

"Karibu ufe wewe," Joyce akamjibu.

Wendell alinitazama kama ninavyotazama injini iliyopakwa rangi mpya. "Na mimi natoa nini?"

"Unasimama kwenye mkutano mkuu, unasema."

"Na wewe unapata nini?"

"Naishi ng'ambo ya daraja. Hao wa bondeni wakija wakati wa theluji watanikuta nimeganda kama samaki."

"Hilo naliamini," akasema. Katika maneno yangu yote, hilo peke yake.

Ndipo waliponieleza. Walikuwa wanarudi kutoka kwa binti yao, Joyce anaendesha, wako ng'ambo ya ule mto wa mpakani, jimbo la jirani, na Wendell akainamia dashibodi. Joyce alisimama akapunga mikono barabarani. Gari lililosimama lilikuwa la Verna, anatoka mafunzo ya mjini, mashine ya kushtua moyo iko kiti cha nyuma. Alimlaza Wendell kwenye theluji. Ambulensi iliyokuja ilikuwa ya upande ule, na wito wake ulipita kwenye mawimbi ya upande ule. Redio ya Lucille haiwezi kuvuka mto.

"Na Verna hajawahi kuniuliza kama nitasema," Wendell alisema. "Huja, hupima mapigo, hula keki, huenda. Nimesikia mnavyomwita mwongo dukani."

Nilitoa kitabu cha hundi.

Mkutano mkuu ulikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, Jumanne ya kwanza ya Machi kama kawaida. Everett Hale ndiye aliyeongoza, na nyundo yake ya mbao. Ilipofika zamu ya ambulensi, Lucille alikuwa wa kwanza kusimama.

"Bwana mwenyekiti, mimi sina ugomvi na Verna, keki zake nakula. Lakini tunaombwa kodi kwa beji isiyo na mgonjwa. Nionyeshwe mgonjwa."

Wendell akainuka, mkono ubavuni. "Mgonjwa ni mimi."

Akaeleza kwa maneno machache, yaani machache kwake. Alipomaliza nilidhani kazi imekwisha. Nilisahau nakaa na watu gani.

"Ngoja kwanza," Lucille akasema. "Juzi nimeona trekta la Wendell juu ya lori la Harlan. Na nasikia Harlan kalipa bei iliyotajwa." Akanigeukia. "Harlan. Tangu lini?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasikia nyuma yangu, "Kamnunua." Mwingine, "Wote wawili wako upande wa Verna." Katika maisha yangu nimelipa bei kamili mara moja tu, na mara hiyohiyo nikawa mshukiwa.

Everett akagonga nyundo. "Verna, ni kweli huyu ndiye?"

Verna alikuwa kiti cha mwisho, karibu na mlango. "Siruhusiwi kumzungumzia mgonjwa yeyote. Hata akijizungumzia mwenyewe."

"Tutapiga kura juu ya kitu gani, basi?"

"Juu ya ambulensi," Verna akasema. "Mimi sikugombea."

Joyce ndiye aliyesimama. Hakuomba nafasi. "Lucille, mimi nilikishika kichwa chake theluji ikinyesha. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama majivu ya jiko langu. Nilizisikia mbavu. Ukitaka, njoo umbonyeze, ila yeye atapiga kelele na wewe ndiye utakayekituliza kikao."

Lucille hakwenda.

"Harlan namjua tangu shule," akasema mwishowe. "Kama huu ungekuwa uongo, angeupata kwa nusu bei." Akaketi. "Bado nina mashaka. Lakini si na huo moyo."

Kura zilipigwa kwa karatasi, kila mtu akificha yake kwa kiganja. Ambulensi ilibaki. Haikubaki kwa kura nyingi. Trekta la buluu, nalo, lilipofika kwangu nikagundua giabox inapiga kelele ambayo Wendell alikuwa ameinyamazisha kwa oili nzito. Nilipokwenda kulalamika alijishika kifua akanikumbusha kuwa yeye ni mgonjwa.

Aprili, barabara zikiwa tope tupu, Verna aligonga tena. Nikafungua. Akaingia na futi yake, akapima mlango wa ndani, akapima ngazi, akasimama kwenye kona akitazama juu.

"Kitanda kiko ghorofani?"

"Kiko ghorofani."

"Machela haigeuki hapa. Kifua kikikubana, usipande kulala. Kaa chini, ukutani hapa, uuache mlango wazi, upige simu."

"Na hayo unaniambia bure."

"Bure."

Nilimtazama sana, nikitafuta ujanja uko wapi. Akaomba kunawa mikono, na kabla sijamwelekeza jikoni akafungua mlango ule ulio chini ya ngazi, akaingia. Nikasikia maji. Moyo wangu ukaruka kidogo, kwa sababu zangu.

Alipotoka nikamwuliza, "Wakadiriaji hawatasikia kuhusu hicho choo?"

"Choo gani?" Verna akasema, huku anafuta mikono kwa taulo langu.

Alipoondoka nilikaa kidogo. Kisha nikaanza kukishusha kitanda.